UGANDA: Mfanyakazi na Daftari la Matumizi



Tarehe 30 Machi 2020 Rais Museveni alitangaza kufungwa kwa shughuli nyingi nchini Uganda kwa sababu ya korona. Viwanda viliruhusiwa kuendelea, mradi wafanyakazi walale huko huko. Kazi na nyumba vikawa kitu kimoja.

Wengi wetu tulidhani tutaweka akiba, maana nauli haikuwepo. Kama nauli ni shilingi 2,000 kwa siku, kwa siku 26 za kazi ni shilingi 52,000. Lakini mwisho wa mwezi mfuko ulikuwa mtupu. Fedha ziliishia kwenye sabuni, sukari, vocha za simu na deni la duka, kidogo kidogo. Walioandika ndio waliojua zilikokwenda.

Basi kila jioni tuandike mambo matatu: tarehe, kitu, bei. Tulichokopa tukiandike siku ile ile, tusitegemee daftari la mwenye duka. Chakula cha kiwandani nacho tukiandike, kisije kikakatwa mara mbili. Siku ya mshahara tulinganishe. Makato yasipolingana na daftari, tulipeleke kwa mwakilishi wa chama. Asiyeandika hana ushahidi.