Dozi ya Kila Siku: Je, Dawa Hujilimbikiza Mwilini Bila Kikomo?

Mgonjwa wa kifafa anayeanza kumeza fenobabitoni huwa na maswali mawili. Dawa ya jana ikiongezewa ya leo na ya kesho, je, haitajaa mwilini hata iwe sumu? Na mbona siku za mwanzo ugonjwa haujatulia? Yote mawili hujibiwa na mfululizo wa kijiometri, yaani jumla ya namba ambazo kila moja hupatikana kwa kuzidisha iliyotangulia kwa uwiano uleule.

Tuchukue dozi ya miligramu 60 kila usiku. Mwili wa mtu mzima huweza kuchukua takriban siku 4 kuondoa nusu ya dawa hii. Hivyo baada ya siku 1 husalia kama asilimia 84. Basi kiasi kilichomo mwilini mara baada ya kumeza dozi ni 60 + (60 × 0.84) + (60 × 0.84 × 0.84), na kuendelea kadiri siku zinavyopita.

Uwiano, ambao hapa ni namba chanya, ukiwa chini ya 1, jumla hukaribia kikomo. Ukiwa 1 au zaidi, jumla hukua pasipo kikomo. Kikomo hupatikana kwa kugawa dozi kwa 1 kutoa uwiano: 60 ÷ 0.16 = 375. Katika kiwango hicho mwili huondoa asilimia 16 kwa siku, yaani miligramu 60 zilezile zinazoingia.

Baada ya dozi ya 3 kiasi ni takriban miligramu 153 tu. Kikomo hukaribiwa baada ya wiki 3 hivi. Kwa hiyo mgonjwa asijiongezee dozi kwa kukosa subira, wala asiache dawa ghafla, kwani kuacha ghafla huweza kuleta degedege lisilokoma.

Hata hivyo, kuwapo kwa kikomo si dhamana ya usalama. Ini au figo zikidhoofu, uwiano ukapanda hadi 0.90, dozi ileile hufikisha miligramu 600. Kwa fenitoini, uwezo wa ini kuivunja huelemewa kadiri dawa inavyoongezeka. Uwiano haubaki uleule, na nyongeza ndogo ya dozi huweza kupandisha kiwango kupita kiasi.

Mgonjwa akisinzia mno, akipepesuka au akichanganyikiwa, mhudumu asingoje wiki 3 zitimie. Ampime na kumwarifu daktari mara moja.