Pasheni imejaa maua, matunda hakuna: tazama kikonyo kilitoka wapi

MTU anayerejea Burundi kutoka Kigoma hana nafasi kubwa kwenye gari, na kikonyo cha pasheni, au marakuja kama wasemavyo Warundi, hakina uzito. Lakini kabla hujakata, uliza kwanza ni ya rangi gani.

Ya njano hupenda joto la bondeni, kama Rumonge na Bujumbura. Ina ukaidi wake: haijichavushi yenyewe, wala haipokei chavua ya mwenzake aliyetokana na vikonyo vya mama yule yule. Ndiyo maana mtu hupanda vikonyo vitano vya mmea mmoja, maua yakafunika uzio mzima, tunda asilione. Kata kwenye mimea miwili au mitatu tofauti, au panda mbegu. Maua hufunguka kuanzia saa sita mchana, na wachavushaji hodari ni wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao. (Wengi huwaua, kumbe ni vibarua wa bure!) Wasipoonekana, chukua chavua kwa pamba kwenye mmea huu, upake ua la mmea mwingine alasiri hiyo hiyo.

Ya zambarau ni ya milimani, Ngozi na Kayanza, nayo hujichavusha. Adui wake yumo udongoni: mnyauko wa fuzari, unaokausha mmea ukiwa umebeba, na ukishaingia hauna tiba. Njia ni kubebesha. Otesha mbegu ya njano, yenye mizizi inayostahimili ugonjwa huo. Shina likifikia unene wa penseli likate, lipasue katikati, uchomeke kikonyo cha zambarau kilichochongwa kama kabari, kisha funga kwa ukanda wa nailoni. Kiungo kibaki juu ya udongo. Kikifukiwa, zambarau itatoa mizizi yake na ugonjwa utapata njia.

Mmea wenye majani ya mabaka na matunda madogo magumu usiukate kikonyo hata kama ni wa shangazi. Huo una virusi, ambavyo huenezwa na vidukari na pia kisu. Futa kisu kwa jiki kila unapohama mmea.

Kwa wanaovusha miche ya kuuza kupitia Kabanga na Kobero, anzeni na cheti cha afya ya mimea. Upande wa Tanzania hutolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, baada ya mkaguzi kuiona miche yenyewe.