Uchambuzi wa Balagha: Namna Hotuba Inavyoshawishi

Balagha ni elimu ya kutumia lugha ili msikilizaji akubali, aamini au atende jambo fulani. Neno hili lina asili ya Kiarabu, na hujitokeza pia katika istilahi *swali la balagha*, yaani swali lisilongoja jibu. Lisichanganywe na *mubalagha*, ambayo ni tamathali ya kutia chumvi, iitwayo pia *chuku*. Mubalagha ni chombo kimoja tu miongoni mwa vyombo vingi vya balagha.

Uchambuzi wa balagha hueleza jinsi matini inavyofanikiwa, au inavyoshindwa, kumvuta msikilizaji. Kazi hiyo haimaliziki kwa kuorodhesha tamathali. Mwanafunzi anayeandika kwamba "mzungumzaji ametumia takriri" amelitaja umbo. Bado hajaeleza takriri hiyo ilifanya kazi gani, kwa nani, na kwa nini wakati ule.

Nguzo tatu za ushawishi

Tangu Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, njia za kushawishi zimegawanywa katika nguzo tatu:

1. *Sifa ya mzungumzaji*: kinachowafanya watu wamwamini.
2. *Hisia za hadhira*: hofu, hasira, huruma au fahari anayoiamsha.
3. *Hoja*: sababu na ushahidi anaoutoa.

Nguzo hizi hufaa kwa hotuba za lugha yoyote. Hata hivyo, kila lugha ina vifaa vyake vya kuzisimamisha. Katika Kiswahili, sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na viambishi na mpangilio wa maneno, na hapo ndipo wachambuzi wengi hupita bila kutazama.

Mfano: hotuba ya Novemba 1978

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliivamia Tanzania na kuikalia ardhi iliyo kaskazini ya Mto Kagera. Tarehe 2 Novemba Rais Julius Nyerere alizungumza na wazee wa Dar es Salaam. Kiini cha hotuba hiyo ni sentensi ambayo Watanzania wengi wanaijua kwa moyo: "Uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo."

*Hadhira.* Waliokuwa mbele yake walikuwa wazee, lakini maneno yaliwahusu wananchi wote, na pia mataifa yaliyotaka mgogoro umalizwe kwa suluhu. Kwa wananchi, sentensi hiyo ni wito. Kwa mataifa, ni jibu kwamba wakati wa usuluhishi umepita. Kiambishi *tu-* katika *tunao* na *tunayo* kinawaunganisha Rais, wazee, askari na mkulima katika nafsi moja. Aliyetamka si mgeni kwao: ni Mwalimu, aliyeiongoza nchi tangu uhuru. Sifa yake ilikwisha kujengwa kabla hajafungua kinywa.

*Mpangilio wa maneno.* Sentensi ya kawaida ingekuwa "Tuna uwezo wa kumpiga", ambayo ni taarifa tu. Katika "Uwezo wa kumpiga tunao", yambwa imetangulizwa na kirejeshi *-o* kinairudia mwishoni mwa kitenzi. Mpangilio huu huichukua yambwa kama jambo ambalo tayari liko katika mazungumzo, na uzito wa kauli huangukia kwenye *kuwa nalo*. Ni umbo la mtu anayejibu shaka. Hivyo sentensi moja inajibu maswali matatu ambayo hayakutamkwa: Je, tunaweza? Je, ni haki? Je, tuko tayari? Inaanza na hofu iliyo karibu zaidi, ile ya uwezo, na kuishia kwenye nia, ambayo iko mikononi mwa wasikilizaji wenyewe.

*Kiambishi -m-.* Anayepigwa ni mtu mmoja. Hotuba haikusema *kuwapiga*, na kwa herufi hiyo moja Waganda wakatengwa na mtawala wao. Tofauti hiyo ilikuwa na uzito, kwani baadaye wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni walipigana bega kwa bega na Watanzania hadi Kampala ilipotekwa Aprili 1979. Kitenzi *piga* nacho ni cha kila siku; hakihitaji kufafanuliwa kwa yeyote, na kinabeba wazo la kumwadhibu mkosaji.

*Takriri na hoja.* *Kumpiga* inarudiwa mara tatu, na kila kishazi kinafunga kwa sauti ile ile ya *-o*. Usambamba huu huifanya kauli ikae masikioni. Lakini mchambuzi makini atauliza: ushahidi uko wapi? Sentensi haitaji idadi ya askari wala silaha, na majuma yaliyofuata jeshi lililazimika kupanuliwa kwa kuwaita mgambo wengi. *Uwezo tunao* ilikuwa kwa kiasi fulani ahadi iliyovikwa vazi la taarifa. Takriri huipa kauli nguvu, haiipi ushahidi. Kusema hivyo si kuikosoa vita yenyewe. Ni kutenganisha kilichothibitishwa na kilichosisitizwa.

Angalizo kwa wafasiri

Mfasiri akiiweka sentensi hii katika umbo la taarifa ya kawaida, maana ya msingi itafika, lakini lile jibu kwa shaka litapotea. Atafute katika lugha lengwa mbinu nyingine ya kulisisitiza. Vilevile akiandika "kupigana vita" mahali pa *kumpiga*, yule mtu mmoja anatoweka. Jambo hilo hutokea hata ndani ya Kiswahili: kauli hii hufupishwa kuwa "uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo", na kwa kuwa haina tena wa kupigwa, hufaa kwa kampeni yoyote.

Maswali ya kuongoza uchambuzi

- Nani anazungumza, na wasikilizaji wanamjuaje?
- Hadhira ni moja au ni kadhaa? Kila moja inaombwa nini?
- Viambishi vya nafsi vinamjumuisha nani, na vinamwacha nani nje?
- Mpangilio wa maneno umebadilishwa wapi, na unajibu shaka gani?
- Ni kauli zipi zina ushahidi, na zipi zinategemea takriri, hisia au sifa ya msemaji?

Swali la mwisho ndilo zito kuliko yote, kwa sababu hotuba ya kweli na hotuba ya hila hutumia vyombo vilevile. Kiswahili chenyewe kinatahadharisha: *kushawishi* ni kumvuta mtu akubali, na pia ni kumtia mtu katika jambo baya.