Tungeishia Mutukula?

Rafiki yangu wa Iringa hana neno na nusu ya kwanza ya Vita vya Kagera. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaua raia na kuswaga ng'ombe. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba eneo lote la kaskazini ya mto Kagera, kilometa za mraba zipatazo 1,800, limekuwa la Uganda. Siku chache baadaye daraja la Kyaka likalipuliwa. Kumtoa ilikuwa lazima, na hilo halibishaniwi hata kwenye vilabu vya ulanzi. Neno lake linaanzia Mutukula, pale mpakani, tulipovuka kuingia Uganda.

"Mwizi ukishamtoa uani kwako, ndugu yangu, unafunga mlango unalala. Humfuati mpaka kwake ukamchagulie mkewe bwana mwingine."

Mimi ni mtu wa Mbeya, na naamini tulipaswa kufika Kampala. Tumebishana juu ya hili miaka mingi, mara kwenye simu, mara ana kwa ana anapokuja huku kutafuta wateja wa mbao zake za Mafinga. Ni mfanyabiashara, kabla hajakuuliza nani alikuwa na haki, atakuuliza ilitugharimu kiasi gani.

Na hesabu yake si ya kubeza. Vita inakadiriwa kugharimu dola milioni 500. Jeshi lililokuwa na watu wasiofika 40,000 lilipanda likapita 150,000, wakiwamo maelfu ya mgambo. Malori ya mashirika na ya watu binafsi yalichukuliwa kupeleka askari na chakula mbele, zaidi ya kilometa 1,000 kutoka Iringa. Baada ya ushindi, Mwalimu Nyerere akawaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. "Kwetu hiyo miezi 18 iliisha lini?" rafiki yangu huuliza. "Maana mwaka 1984 mama yangu bado alikuwa anapanga foleni ya sabuni duka la ushirika, mche mmoja kwa kaya, na ukichelewa unaambiwa imekwisha."

Sisi wa Mbeya tulikuwa na Tunduma. Sabuni ilivuka kutoka Zambia chini ya maharage kwenye debe, na mwaka 1983, serikali ilipowaandama wahujumu uchumi, kuna watu walizika madebe shambani wakasahau walikozika. Kwa hiyo shida ile naijua. Ninachokataa ni kuitwisha vita peke yake. Waliolima kahawa Mbozi na Rungwe wanakumbuka bei iliyopaa baada ya baridi kuunguza mibuni ya Brazil mwaka 1975, na wanakumbuka kwamba ilianza kuporomoka kabla Amin hajavuka mpaka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikufa 1977, tukaanza kujijengea upya shirika la reli na la ndege. Mwaka 1979 Iran ikapinduka na mafuta yakapanda bei dunia nzima. Ongeza sera zetu wenyewe za mashirika ya umma, ambazo hakuna mwanajeshi wa Uganda aliyetuandikia.

"Sawa," atasema. "Basi mtu mwenye madeni yote hayo alikwenda Kampala kufanya nini?"

Hapo mimi humrudisha nyumbani kwake. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walikivunja kikosi cha Wajerumani pale Lugalo na kumuua kamanda wao, Zelewski. Ushindi ule tunausoma shuleni mpaka leo, na kambi ya jeshi Dar es Salaam ina jina hilo. Lakini adui alibaki pwani na boma lake, meli zake na hasira zake. Oktoba 1894 alirudi na mizinga, na ngome ya Kalenga ikaanguka. Nguvu ya adui usipoimaliza, unampangia tarehe ya kurudi.

Rafiki yangu hulipokea hili kwa ukali wa mjukuu. Anasema Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alipoteza watu wengi mno Lugalo, asingeweza kuifikia pwani hata angetaka. Kisha hunikumbusha kwamba Merere wa Usangu, upande wetu huku, alikuwa pamoja na Wajerumani. Hilo la Merere sina jibu lake.

Lakini Amin hakuwa amemaliza. Nyerere alimtaka afute madai yake, alipe fidia, na Umoja wa Nchi Huru za Afrika umlaani. Hakuna lililofanyika. Gaddafi akampelekea askari, na ndege ya Libya iliyokuja kupiga Mwanza mwezi Machi 1979 ikaishia kuua swala wa kisiwa cha Saanane. Tungesimama Mutukula, tungelinda mpaka ule kwa miaka mingapi, na kwa malori ya nani?

Shahidi wangu mzuri kuliko wote anatoka kwenye ukoo wake mwenyewe. Baba yake mdogo aliondoka Kilolo akiwa mgambo, akarudi na goti bovu na saa ya mkononi ya Kampala ambayo hakuwahi kueleza aliipataje. Saa ilikufa zamani, lakini aliivaa kanisani kila Jumapili. Ukimuuliza kama vita ilifaa, hakuwa anamtaja Amin. Alitaja watu waliojipanga barabarani wakiwapa ndizi na maji, akina mama wanalia. "Mngewaona wale watu," alikuwa anasema, na huyu mtoto wa kaka yake alikuwa anatoka nje.

Ninapompa rafiki yangu haki yake ni kwenye yaliyofuata. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Yusuf Lule, aliyechaguliwa kwenye mkutano wa Moshi, alidumu siku 68. Akaja Binaisa, akaondolewa. Uchaguzi wa Desemba 1980 ukamrudisha Obote, aliyekuwa mgeni wetu Dar es Salaam kwa miaka mingi ya utawala wa Amin, na Februari 1981 Museveni akaingia msituni. Mauaji ya Luweero yakafuata. Kumtoa nduli Amin lilikuwa jambo moja. Kukaa mezani wakati watawala wa nchi ya watu wanapangwa lilikuwa jingine, na hilo la pili hatukuliweza. Hata hivyo tuliondoka. Vietnam ilimtoa Pol Pot Kambodia Januari 1979, ikakaa miaka kumi. Askari wetu wengi walikuwa wamerudi kufikia katikati ya 1981, wakiacha wenzao zaidi ya 600 kwenye makaburi ya Kaboya, Muleba.

Kituko ni kwamba mwaka 2013, brigedi iliyoongozwa na Jenerali Mwakibolwa ilipokuwa inapigana na waasi wa M23 Congo, rafiki yangu huyuhuyu alifurahi kuliko mimi. Nilimuuliza tofauti iko wapi. "Kule tumetumwa na Umoja wa Mataifa," alisema, "na mafuta wanalipa wao." Desemba 2017 askari wetu wasiopungua 14 waliuawa Semuliki, hukohuko Congo, nikamuuliza hao wanalipwa na nani. Tangu hapo amebadilisha hoja: anataka jeshi lisivuke mpaka hadi Bunge lijadili kwanza na gharama isomwe hadharani. Namuunga mkono. Ila Bunge la Novemba 1978, kwa hasira zile za Kagera, lingepiga makofi mpaka Kampala, na yeye analijua hilo vizuri.