Jasho la Alfajiri, Chapati ya Saa Nne

Wengi wanaotaka kupungua unene huuliza: baada ya mazoezi, je, nile zaidi kufidia nguvu niliyotumia? Tupige hesabu. Mtu wa kilo 70 akitembea saa nzima kwa mwendo wa kawaida huunguza kalori zipatazo 200 tu. Chapati moja na soda katika chai ya saa nne huzirudisha zote, na kuzidi. Basi matembezi hayo hayadai fidia.

Lakini aliyekimbia saa mbili, au anayelegea kwa njaa, asijinyime. Arudishe sehemu, kwa ndizi, maharage na maji. Na mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini amwone daktari kwanza, kwani sukari ikishuka mno huweza kuua. Lengo ni kupungua, si kuugua.