Injini Haina Kosa: Mashua Ndogo na Mchezo wa Kuteleza Majini

Yeyote aliyepata kusimama ukingoni mwa ziwa siku ya mapumziko na kutazama mchezo wa kuteleza juu ya maji, bila shaka amewahi kuona aibu hii: mashua inanguruma, tezi inadidimia, omo inaelekea mbinguni, na yule mtu aliyeshika kamba huko nyuma anakokotwa kama gogo huku akinywa maji, mpaka mikono inamshinda na kamba inamponyoka. Watazamaji hucheka. Mwenye mashua hukasirika, na neno lake huwa moja tu: injini ni ndogo, sharti ninunue kubwa.

Mara nyingi hukosea, na kosa hilo huweza kumgharimu zaidi ya fedha. Kila mashua ina kipimo cha nguvu na uzito alichokiweka muundaji wake. Ukipachika injini iliyokipita kipimo hicho, tezi hushuka. Nawe ukipunguza mwendo kwa ghafula, wimbi la nyuma yako mwenyewe huingia chomboni.

Hebu tukumbuke mchezo huu ulivyoanza. Mwaka 1922, katika Ziwa Pepin, jimbo la Minnesota nchini Marekani, kijana Ralph Samuelson alijaribu siku kadhaa kusimama juu ya maji huku akivutwa na ndugu yake Ben. Alijaribu mbao za mapipa, akashindwa. Akajaribu mbao za kutelezea thelujini, akashindwa tena. Hatimaye alinunua mbao mbili za msonobari, akazilainisha ncha kwa maji ya moto ili zipindike. Hata hivyo alizama na kuzama. Tarehe 2 Julai, siku moja kabla hajatimiza miaka 19, aliegemea nyuma na kuziacha ncha za mbao zichomoze juu ya maji kabla ya kamba kukazika. Akasimama! Mashua ilikuwa ile ile, na injini ile ile. Lililobadilika ni namna ya kuanza.

Na kuanza ndiko kwenye tatizo lote. Mashua ndogo iliyotulia huelea kwa kuyasukuma maji pembeni. Ikienda kasi hupanda na kuteleza juu yake. Baina ya hali hizo mbili pana mlima, nao ni wimbi ambalo mashua yenyewe hulizusha mbele yake. Kuupanda mlima huo kunadai nguvu nyingi. Ukiisha kuupita, nguvu chache hutosha. Mtu aliye kambani huongeza mzigo wake mahali pale pale pagumu.

Sasa tuitazame rafadha, yaani lile pangaboi lililo chini ya injini, kwani hapo ndipo penye dawa iliyo kuu. Tuseme rafadha inapenya katika ubao kama parafujo: umbali ambao ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja ndiyo hatua yake, na hupimwa kwa inchi. Hatua ndefu ni kama gia ya juu ya lori, na hatua fupi ni kama gia ya chini. Dereva mwenye akili haanzi kupanda mlima kwa gia ya juu, lakini wako manahodha wengi wafanyao hivyo kila Jumapili bila kujua.

Tuchukue mfano. Injini ya nguvu za farasi 40 imeandikiwa na watengenezaji wake kwamba, mafuta yakifunguliwa yote, izunguke mara 5,000 hadi 6,000 kwa dakika. Mwenyewe anaipima, mashua ikiwa na mzigo wake wa kawaida, na geji inaonyesha 4,800 tu. Rafadha yake ina hatua ya inchi 13. Kila inchi moja inayopunguzwa huongeza mizunguko ipatayo 150 hadi 200. Basi akitia rafadha ya inchi 11 atafika karibu 5,100 hadi 5,200, na mashua itainuka upesi zaidi. Atapoteza kidogo mwendo wa juu kabisa, lakini mtelezaji anahitaji kilometa 30 hadi 45 tu kwa saa. Iko hatari moja: hatua ikiwa fupi mno, injini itapita 6,000 mashua ikiwa tupu, nayo itajiharibu. Walio werevu huwa na rafadha mbili, moja ya mchezo na mizigo, nyingine ya safari.

Kwa sisi wa nchi za juu liko jambo ambalo vitabu vya ng'ambo hulitaja kwa haraka. Injini hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila meta 300 za kupanda kutoka usawa wa bahari, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Ziwa Victoria liko kiasi cha meta 1,134. Hapo farasi 40 hubaki kama 36. Naivasha, penye meta zaidi ya 1,880, hupungua karibu moja ya tano. Rafadha iliyoifaa mashua kule Mombasa si ajabu ikaishinda Entebbe au Kisumu, na fundi akalaumiwa bure.

Mengine hayana gharama. Mguu wa injini uvutwe karibu na ubao wa tezi wakati wa kuanza, ili omo ishuke. Mashua ikiisha kupanda, uachiliwe nje kidogo. Tangi la petroli na betri visogezwe mbele. Maji ya ngama yafuliwe yote, maana lita 50 za maji ni kilo 50 za mzigo. Bapa lililo juu ya rafadha liwe sawa na tako la mashua, au juu yake kidogo tu. Likipanda mno, rafadha hunyonya hewa, injini ikapiga kelele na mashua isiende. Ukoga chini ya mashua usuguliwe.

Askari wa doria za majini watatambua kwamba haya si ya mchezo peke yake. Mashua iliyobeba watu sita na zana zao hupambana na mlima ule ule, na anayezama hawezi kungoja.

Nahodha naye aivute kamba polepole mpaka ikazike, angoje mtelezaji aliyekunja magoti kifuani apige ukelele, ndipo afungue mafuta kwa nguvu, lakini bila kushtua. Mtu wa pili akae chomboni akitazama nyuma. Mtelezaji akianguka, mashua imrudie taratibu kwa upande ambao nahodha anamwona, na injini izimwe kabisa kabla hajaugusa ubao. Kuiacha ikinguruma bila gia hakutoshi, kwani mkono ukiteleza juu ya kishikio rafadha huzunguka, na mwenye miguu majini yu karibu nayo.