Hesabu ya Kitanda: Biashara ya Mabweni ya Kimataifa, Ikitazamwa kutoka Miteja

Anayetaka kuielewa shule ya bweni inayopokea watoto wa mataifa mengi asianze na darasa, aanze na kitanda. Darasa hufungwa alasiri, mwalimu akaenda zake. Kitanda hakifungwi. Mtoto aliyetoka Juba au Bukavu lazima ale, nguo zake zifuliwe, homa ikimpanda usiku wa manane apatikane mtu mzima wa kumwangalia, na likizo fupi ikifika awe na mahali pa kwenda. Gharama za namna hiyo ndizo zinazoamua kama shule itasimama au itaanguka, na Afrika Mashariki ina ushahidi wake wa zaidi ya miaka 150.

Ushahidi huo unafaa kusomwa Miteja, kata ya wavuvi na wakulima katika Wilaya ya Kilwa, kusini ya Somanga. Gesi ya Songosongo, iliyogunduliwa mwaka 1974, inapita jirani tu: inatoka kisiwani, inaingia nchi kavu Somanga, na tangu mwaka 2004 inakwenda Dar es Salaam. Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la bandari ya uvuvi Kilwa Masoko. Kusini zaidi, Likong'o karibu na mji wa Lindi, kuna eneo lililotengwa kwa kiwanda cha kusindika gesi asilia, mradi ambao mazungumzo yake na kampuni za Shell na Equinor yamechukua miaka. Miradi ya aina hii huleta wahandisi, madaktari na mafundi wenye familia. Kwa kawaida mgeni mwenye mtoto wa sekondari anayepangiwa kazi pwani hii humwacha Dar es Salaam, au humpeleka Moshi au Kenya. Si ajabu basi siku moja taasisi ya dini ikaja kuomba ardhi ya kujenga shule ya bweni ya kimataifa, na wenyeji wakaulizwa wanasemaje. Wanapaswa kuijua biashara hiyo kabla ya kujibu.

Mfano mkongwe wa shule ya Kikristo ya aina hii katika ukanda wetu ni Rift Valley Academy, Kijabe, Kenya. Ilianzishwa na Africa Inland Mission mwaka 1906 kwa ajili ya watoto wa wamisionari, na mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu madarakani Marekani, aliweka jiwe la msingi la jengo lake la Kiambogo. Wamisionari walikuja kutawanyika Kongo, Tanganyika, Uganda na kwingineko, na watoto wao hawakuwa na shule. Zaidi ya karne moja baadaye bado ipo, bado ni ya bweni, na bado watoto wake wengi ni wa familia za kimisheni.

Siri ya Kijabe imo katika mishahara. Walimu na walezi wa mabweni wengi ni wamisionari wanaochangiwa na makanisa yao ya nyumbani. Shule haibebi mzigo ambao kwa shule nyingine huwa mkubwa kuliko yote, na ndiyo maana imeweza kuweka mume na mke kuwa walezi katika kila bweni bila kuwakamua wazazi. Mtoto anakaa katika nyumba yenye watu wazima wawili wanaomjua kwa jina, wanaosali naye jioni na kumfuatilia akikosa kula. Anayedhani huduma hiyo inalipwa na ada peke yake, kisha akaiga majengo bila kuiga mfumo wa malipo, anajiandalia hasara.

Jambo la pili la Kijabe ni hospitali. Shule na hospitali ya misheni ziko kilima kimoja. Moshi nako ni hivyohivyo: International School Moshi ilianza mwaka 1969 kwa sababu hospitali ya rufaa ya KCMC ilikuwa inajengwa na madaktari waliotoka nje walihitaji shule ya watoto wao. Hospitali ilileta wazazi na ikatoa matibabu. Mzazi aliye Khartoum au Oslo akiuliza kuhusu bweni, swali lake la kwanza haliwi la hisabati. Anataka kujua mwanawe akipata malaria kali usiku, daktari yuko umbali gani. Wilaya ya Kilwa ina hospitali ya Kinyonga, Kilwa Kivinje, ambayo tayari ina kazi ya kuhudumia wilaya nzima. Shule itakayokuja ikiegemea hospitali hiyo bila kuiongezea chochote itakuwa inachukua nafasi ya mama mjamzito wa Miteja, na hilo mimi siliiti uwekezaji.

Shule ya Moshi ina funzo jingine. Mwaka 2019 iligeuka kuwa UWC East Africa, yenye kampasi Moshi na Arusha, ikaingia katika mtandao wa shule za kimataifa ulioanzia Wales mwaka 1962. Mtandao huo una kamati katika nchi nyingi zinazochagua wanafunzi na kutafuta ufadhili. Kwa hiyo bweni moja linalipiwa na mifuko mingi: mzazi mwenye uwezo, mwajiri wa mzazi, mfadhili wa Ulaya, msamaha wa ada wa shule yenyewe. Mmoja akiyumba, wengine wanashikilia.

Mfano wa kinyume ni Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea, huku kwetu Kusini. Mwaka 1951 mradi ulikuwa umekufa baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Kongwa ilipata shule ya bweni ya watoto wa Kizungu iliyotumia majengo ya mradi, na ilipofika mwaka 1958 ikafungwa. Mrithi wake, shule ya St Michael's and St George's, ilifunguliwa Iringa mwaka 1959 kwa majengo ya kifahari. Miaka miwili baadaye Tanganyika ikapata Uhuru, familia zilizokuwa zikilipa ada zikaanza kuondoka, na kufikia mwaka 1963 shule hiyo ilikuwa imefikia mwisho wake. Majengo yakawa Sekondari ya Mkwawa, na leo ni chuo kikuu kishiriki. Taifa lilipata faida hapo, namshukuru Mungu. Lakini kibiashara ile ilikuwa shule iliyotegemea mteja wa aina moja, na mteja huyo alipohama haikubaki na mtu wa kumpigia kengele. Anayewaza kujenga Kilwa kwa kutegemea familia za mradi wa gesi peke yake aende kwanza Nachingwea akaulize reli iliyojengwa kwa ajili ya karanga iko wapi.

Pwani hii ina uhusiano wa zamani zaidi na mabweni ya mataifa mengi, na ni uhusiano wenye machozi. Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya kusafirisha watumwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Mwaka 1864 Sultani Majid wa Zanzibar alimkabidhi Askofu Tozer wa misheni ya UMCA wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Kutokana na wavulana hao na waliowafuata ikakua shule ya Kiungani, Unguja, ambamo Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengine wa makabila ya mbali walilala chini ya paa moja na kuelewana kwa Kiswahili. Makanisa ya Uingereza yalichangia matunzo ya watoto, mara nyingi parokia ikimchukua mtoto mmoja kama wake. Miaka ya 1920 shule ilihamia Minaki, karibu na Kisarawe. Mfumo wa mfadhili na mtoto, ambao leo unaonekana mpya katika vijitabu vya matangazo ya shule, ulijaribiwa Kiungani kwa watoto ambao baadhi yao walipakiwa majahazini kwenye fukwe hizi wakiwa na minyororo.

Turudi kwenye hesabu. Bwalo la wanafunzi 300 linapika milo mitatu kwa siku, miezi tisa hivi kwa mwaka, na hapo ndipo Miteja ina cha kuuza. Samaki wapo. Nazi, mihogo, korosho na ufuta vipo. Nyama na maziwa vimeongezeka tangu wafugaji walioondolewa bonde la Ihefu mwaka 2006 na 2007 walipohamia mikoa ya kusini. Taabu iko kwenye mboga za baridi, viazi na unga wa ngano, ambavyo hupita Dar es Salaam kabla ya kushuka huku. Taabu kubwa zaidi ni barabara. Mei 2024, mvua zilizoandamana na kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi katika eneo la Somanga na Matandu, magari yakakwama siku kadhaa. Bweni halisubiri lori. Shule itakayojengwa hapa itahitaji ghala la chakula cha wiki kadhaa na majokofu ya samaki yenye umeme wa akiba, na gharama hizo mpishi wa Arusha hazijui.

Hapa ndipo mkataba na wenyeji unapokuwa na maana. Mvuvi hawezi kuuza kwa shule inayolipa baada ya siku 60, kwa sababu petroli ya boti inanunuliwa kwa taslimu. Ushirika mdogo unaolipwa kila wiki utaleta samaki wazuri na wa uhakika kuliko dalali. Na kwa kuwa Serikali ilishaagiza taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 ziache kuni na mkaa, jiko la shule litatakiwa kuwa la nishati safi kama gesi tangu siku ya kwanza. Ingekuwa jambo la kuumiza sana kama gesi inayopita Somanga ingemfikia mpishi wa Miteja ndani ya mtungi uliojazwa mbali kisha ukarudishwa huku kwa lori.

Upande wa fedha umebadilika pia. Shule nyingi za kimataifa zilizoea kutaja ada kwa dola. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotangazwa Machi 2025 zimekataza kutaja bei ya bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Vitabu, mitihani ya nje na bima ya kusafirisha wagonjwa kwa ndege bado vinalipiwa kwa dola, na mwaka 2024 dola moja ilivuka shilingi 2,600. Mhasibu anayepokea shilingi na kulipa dola anahitaji akiba ya tofauti hiyo. Mwanafunzi mgeni naye anahitaji kibali cha ukaazi cha Daraja C, na shule isiyo na mtu wa kufuatilia vibali vya watoto 100 itajikuta na watoto walioishiwa muda katikati ya muhula. Tangu Machi 2023 Serikali pia imezuia bweni kwa watoto wa elimu ya awali hadi darasa la nne. Naiunga mkono hatua hiyo bila kusita, ingawa inapunguza mapato: mtoto wa miaka saba anapaswa kulala kwao.

Kuna gharama moja ambayo sikubali ijadiliwe kama gharama. Mwaka 1994 wasichana zaidi ya 40 waliteketea katika bweni la Shauritanga, Rombo. Mwaka 2009 wakafa wengine 12 Idodi, Iringa. Kenya ilizika watoto 67 wa Kyanguli mwaka 2001 na 21 wa Endarasha mwaka 2024. Milango miwili inayofunguka kwa nje, madirisha yasiyo na nondo, vitanda visivyobanana, mlinzi asiyelala: mwekezaji asiyeanza na hivi asipewe hata ekari moja.

Linabaki swali ambalo watu wa Miteja, wengi wao Waislamu, wataliuliza kwa adabu lakini wataliuliza: shule ya Kikristo, hapa? Jibu lipo Bagamoyo. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika huko mwaka 1868, na shule ya wasichana ya Marian waliyoianzisha miaka ya karibuni imekuwa miongoni mwa shule zinazofanya vizuri kitaifa, katikati ya mji wa pwani wenye misikiti ya zamani. Kinachowezesha hilo ni mambo ya kila siku. Nyama ichinjwe na Mwislamu, ili mpishi, dereva na mwanafunzi yeyote ale bila wasiwasi. Wafanyakazi wapewe nafasi ya sala ya Ijumaa. Ibada ya shule iwe ya shule, wala isigeuzwe bei ya kuajiriwa.

Na kabla ya mkutano wa kijiji kupitisha ardhi, ambayo mgeni haruhusiwi kuimiliki isipokuwa kwa njia ya uwekezaji chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999, ningependa kuona sharti moja limeandikwa: nafasi za kutwa kwa watoto wa kata, kwa ada ambayo mzazi anayeuza ufuta anaweza kuilipa. Haven of Peace Academy ya Dar es Salaam, shule ya Kikristo ya kimataifa iliyoanza mwaka 1994, imeishi miaka yote hiyo bila bweni, kwa watoto wanaorudi nyumbani jioni. Rosslyn, iliyoanza mwaka 1947 Nyabange karibu na Musoma kama shule ya bweni ya watoto wa wamisionari wa Kimenno, leo iko Nairobi na ni ya kutwa. Mwanafunzi wa kutwa analeta ada bila kudai kitanda. Mradi wa gesi ukichelewa miaka mingine mitano, mtoto wa Miteja atakuwa bado anaamkia hapohapo, na madawati hayatakuwa matupu.